Kofia ya mama ilifika Leicester ikiwa kubwa

Simu ya dada iliingia saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa uani anawasha jiko la mkaa. Kwa dada, Uingereza, ilikuwa saa nane usiku. Nyumbani kwetu ni Nyahanga, hapa Kahama, na simu ya saa hizo hakuna anayeipokea kwa furaha.

"Nimejifungua," alisema. Kisha akanyamaza.

Mtoto alitarajiwa mwishoni mwa Machi, na huo ulikuwa mwezi wa Januari. Amezaliwa wiki ya 31, ana gramu 1,450. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, hivyo nilijua maana ya namba hizo. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, na aliye chini ya gramu 2,500 ana uzito pungufu. Nikaanza maswali ya kazini: anapumua mwenyewe? Amewekewa oksijeni? Mama akanichukulia simu mkononi, akauliza swali moja tu.

"Amevaa nini?"

Mama yangu anafuma. Vitambaa vya makochi kwa ajili ya maharusi, na seti za vichanga: sweta, kofia na soksi. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021 na baba akarudi nyumbani, sindano za mama ndizo zilizonunua unga kwa miezi kadhaa. Alijifunza utotoni kwa spoki za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Mimi sikutaka kujifunza kabisa. Kichwani mwangu kufuma kulikuwa kazi ya waliokosa shule, na mimi nilikuwa na chuo kikuu mbele yangu.

Tangu mwanzo ilipangwa niende mimi kumsaidia dada uzazi. Mama ana presha, na baridi ya kule ilimtisha. Viza nilikuwa nayo tayari. Kilichobadilika ni tarehe ya tiketi tu. Siku tatu baadaye nilikuwa nafunga begi, na mama akaweka juu ya nguo zangu seti aliyokuwa ameimaliza tangu Krismasi: sweta jeupe, soksi, na kofia ya vishono 72.

Kisha akanipa jozi ya sindano za plastiki na bonge la uzi wa njano. "Safari ni ndefu," alisema. "Mikono isikae bure, itakufanya uwaze."

Jioni mbili alinikalisha sebuleni kunifundisha. Kishono cha mbele, kishono cha nyuma. Mara ishirini alifumua nilichofuma bila kunisema.

Kahama hadi Leicester

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Dodoma. Tulipita Isaka, Nzega, Igunga, na mimi nafuma kwa aibu, uzi nimeuficha ndani ya mkoba. Kwenye kona za mlima Sekenke vishono vilinitoka. Mama mmoja niliyekaa naye, mtu wa makamo mwenye ndoo ya karanga miguuni, alikuwa ananitazama muda wote. Mwishowe akashindwa kuvumilia. "Mwanangu, umeangusha kishono mistari minne nyuma. Lete." Akakirudisha kwa ncha ya kalamu yangu. Hadi Singida alikuwa ameshajua habari zote za dada, nami nilikuwa nimejua za wanawe saba.

Kutoka Dodoma nilipanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam. Uwanja wa ndege, mkaguzi mmoja alizitoa sindano kwenye mkoba, akaziinua juu. "Hizi za nini?" Nikamwambia za kumfumia kofia mtoto njiti. Akazirudisha taratibu, akasema, "Haya, nenda ukammalizie." Ushauri wangu kwako, ukisafiri na sindano: uliza shirika lako la ndege mapema, na chukua za plastiki au za mbao.

Addis Ababa nilikaa saa nyingi kusubiri ndege ya pili. Mji ule uko juu milimani na usiku wake una baridi. Pale ndipo nilipomwelewa mama. Nikiacha kufuma, akili inakimbilia wodini. Nikifuma, inalazimika kuhesabu. Kilichotoka mkononi kilikuwa kitambaa kilichopinda upande, nikakifumua chote, nikaanza tena.

Leicester nilifika mchana wa nyuzi joto 2, na ilipofika saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia. Shemeji alinipokea kituo cha basi, tukaenda moja kwa moja hospitali.

"Usiniandikie makala"

Mtoto alikuwa ndani ya inkubeta, mwekundu, ana mirija puani. Kichwa chake kilikuwa kama chungwa kubwa. Juu yake kulikuwa na kofia ndogo ya kijani, ya kufuma.

Muuguzi alinionyesha boksi. Zilijaa humo kofia za rangi zote, zimepangwa kwa ukubwa, zimefumwa na watu wa mji ule wanaojitolea, na wengi wao hawatawahi kumwona mtoto hata mmoja kati ya hao. Nikatoa ya mama. Tuliipima kwenye ngumi ya dada, maana hata bila kuijaribu ilionekana ingemfunika mtoto hadi kidevuni. Dada akacheka kwa mara ya kwanza. Halafu akalia.

Jambo zito lilikuwa hili: siku ya tano ilikuwa imefika, na dada alikuwa hajampakata mwanawe. Wauguzi walimwambia kila asubuhi kwamba mtoto ametulia, anaweza kuwekwa kifuani ngozi kwa ngozi. Kila asubuhi alisema kesho. "Nitamvunja," aliniambia. "Mwangalie. Nitamvunja."

Mimi nikaona hapo ndipo kazi yangu ilipo. Nikamweleza kwamba njia ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey aliyekuwa na wodi iliyofurika na inkubeta chache. Nikamweleza utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwemo kupitia Muhimbili. Watoto zaidi ya 3,200 wa gramu 1,000 hadi 1,799 walihusika. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12, na waliosubiri kwanza watulie vilikuwa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Dada alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mdogo wangu, usiniandikie makala."

Nikanyamaza. Nimeandika habari za njiti mara nyingi, na sikuwa nimewahi kukaa na mama wa njiti zaidi ya muda wa mahojiano. Nikavuta kiti, nikatoa uzi wa njano, nikaanza kufuma. Tulikaa hivyo siku nzima. Yeye anatazama mashine, mimi nahesabu vishono. Mara mojamoja aliniuliza, "Umefika ngapi?" Nikamjibu. Ndiyo mazungumzo pekee tuliyoyaweza.

Jioni mama alipiga simu ya video. Baada ya salamu akarudia swali lake. "Amevaa nini?"

"Kofia na nepi tu, mama," dada akajibu. "Hawamvalishi nguo."

"Vizuri. Hata hapa Kahama nawaona nikipeleka kofia wodini. Wamama wamekaa, watoto wako kifuani, khanga imefungwa juu yao. Wale watoto hawana nguo. Nguo yao ni mama zao." Akatulia kidogo. "Sasa wewe mwanangu unangoja nini umvalishe?"

Dada hakujibu. Baada ya simu kukatika alikaa kama dakika kumi, kisha akafungua vifungo vya shati na kumwita muuguzi.

Walimweka taratibu, mirija ikashikiliwa na watu wawili, wakamfunika kwa khanga niliyotoka nayo nyumbani. Dada alikuwa amekaza mabega kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Mtoto alisogeza mdomo, akatulia. Muuguzi alipompima joto baada ya saa moja alikuta nyuzi 36.8, ndani ya kiwango kinachotakiwa cha 36.5 hadi 37.5. Saa mbili zilipita. Dada alikuwa amelala, nami nilikuwa nimemaliza utepe wa chini wa kofia.

Duka la uzi

Uzi wangu uliisha. Siku iliyofuata shemeji akanipeleka barabara ya Belgrave, mtaa wenye maduka mengi ya Wahindi. Leicester ni mji wenye historia ndefu ya viwanda vya soksi na nguo za kufuma. Pia ni mji uliopokea Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, pamoja na wengine waliohama Kenya na Tanzania.

Tulikuwa tunabishana na shemeji kwa Kiswahili kuhusu bei, mara bibi mmoja wa Kihindi akageuka. "Nyie wa wapi?" Nikasema Shinyanga, Kahama. Akashika kifua. "Mwadila!" akanisalimia kwa Kisukuma. Alizaliwa Mwanza, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na aliondoka akiwa msichana. Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizima.

Nilipomwambia shida yangu alichukua chungwa kwenye mfuko wake wa sokoni, akanipa. "Fumia hili. Likiingia kwa kubana kidogo, na mtoto itamkaa." Nikapunguza vishono kutoka 72 hadi 56. Siku tatu baadaye nilimaliza. Ilikuwa na upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Wauguzi waliifua, na mwanetu akaivaa kifuani kwa mama yake.

Tangu siku ile dada alimpakata kila siku, kwanza saa mbili, kisha nne, kisha karibu kutwa nzima, akipokezana na shemeji. Ndiyo, hata baba anaweza. Kifua cha baba nacho kina joto. Wiki nne baadaye, siku mbili kabla sijaondoka, mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na gramu 2,120. Niliwaacha mlangoni, dada amejifunga khanga juu ya sweta zito, na kilichoonekana kwa mtoto ni kofia tu.

Kurudi Nyahanga

Nilirudi kwa njia ileile, nikifuma bila kuficha uzi. Mama alinipokea kwa uji, akauliza habari za wote, kisha akanyoosha mkono. Nilikuwa nimemletea kofia moja ndogo, ya pili niliyofuma. Aliigeuza ndani nje, akaivuta, akahesabu vishono kwa ukucha.

"Hamsini na sita," alisema. "Ndiyo maana zangu wodini huwa zinawavuka macho."

Miaka yote alikuwa akipeleka kofia za watoto wa kawaida, na wamama wa njiti walizikunja ukingo mara mbili wakashukuru. Hakuna aliyemwambia. Sasa mezani kwake kuna mafungu mawili, la vishono 72 na la vishono 56.

Ukitaka kufumia njiti, mzazi, yako mambo machache ya kuzingatia. Zungumza kwanza na wauguzi wa wodi husika, wakwambie wanahitaji ukubwa gani. Tumia uzi laini usiotoa manyoya na unaovumilia kufuliwa. Usiweke kamba, vifungo wala mapambo. Na kumbuka, kofia hii ni kwa mtoto aliye kifuani au chini ya uangalizi wa wauguzi. Mtoto aliyekua vizuri hahitaji kofia akilala ndani ya nyumba yenye joto, anaweza kupata joto kupita kiasi. Kama umejifungua njiti na unaogopa kumgusa, mwambie muuguzi kwamba unaogopa. Atakushikia mirija. Na kama wewe ni ndugu yake, kaa naye. Huhitaji kuwa na maneno mengi.

Mama bado hajampakata mjukuu wake, na hatujui ni lini atampakata. Kila jioni anapiga simu, na kila jioni anauliza amevaa nini.

Mwanzoni mwa Aprili picha iliingia kwenye simu yangu nikiwa naye jikoni. Nikamgeuzia kioo. Aliitazama muda mrefu, akafuta mikono kwenye khanga yake, akaikuza kwa vidole viwili. Mtoto alikuwa macho, mashavu yamejaa, na kofia nyeupe ya vishono 72 imemkaa sawasawa.