Asubuhi ya Chekechea, Ngamiani

Ngamiani, Tanga, barabara huitwa kwa namba: ya Kwanza, ya Pili, hivyo hivyo mpaka ya Ishirini na kupita. Saa moja na nusu asubuhi zimejaa baiskeli, na kwenye keria za nyingi kati ya hizo kakaa mtoto wa miaka minne au mitano, soksi nyeupe hadi magotini, begi limemfunika mgongo wote. Wanapelekwa chekechea, na kinachowatoa wazazi wao hela ni Kiingereza.

Siwalaumu. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Mzazi aliyemwona mwanawe wa kwanza akiupanda mlima huo peku hataki na kitinda mimba aupande vivyo hivyo.

Shule ya kwanza niliyoingia ina geti la chuma na ukuta uliochorwa wanyama. Watoto walisimama wakanisalimu kwa Kiingereza, sauti moja. Nilipoinama kumuuliza mmoja jina lake kwa Kiswahili, alimtazama kwanza mwalimu. Humo Kiswahili ni marufuku, hata wakati wa uji. Baadaye nilimwona mvulana wa mstari wa nyuma akibana miguu na kuhangaika. Kuomba ruhusa kwa Kiingereza hakujui, kwa Kiswahili hathubutu. Akajikojolea. Mwalimu wake, binti mpole, alimtoa nje akambadilisha bila neno la ukali, lakini mtoto yule hakufungua tena mdomo asubuhi ile. Iliniuma, na bado inaniuma. Mtoto anyang'anywe ulimi wake akiwa na miaka minne, katika Tanga hii hii iliyomzaa Shaaban Robert!

Nikavuka barabara chache. Chekechea ya pili ni chumba cha uani katika nyumba ya kawaida ya Ngamiani: mkeka, ubao mdogo, vizibo vya soda vya kuhesabia ndani ya kopo la maziwa. "Shikamoo!" walipiga kelele wote. Mwalimu ni mama wa makamo aliyesomea ualimu wa awali. Ubaoni hakuandika kitu. Alikaa mkekani na boksi lenye kijiko, kikombe, sabuni na embe.

"Semeni dhahabu."

Wakasema.

"Semeni dhambi. Ulimi usiuondoe, uache hapo hapo kwenye meno." Akainua kikombe. "This. This is a cup."

Wakamfuata, na "this" yao ilitoka safi kabisa. Watoto wa Pwani wana akiba ambayo shule nyingi hazijui kuitumia: dh na th wanazo tayari, za nyumbani na za Kurani wanayosoma chuoni jioni. Dakika moja baadaye akaitoa "three" ndani ya thelathini, kwa njia ile ile.

Kijiko ndicho kilicholeta kazi. Kiswahili hakijawazoesha kuanza neno kwa s na p zilizobanana hivyo, kwa hiyo darasa zima likasema "sipuni". Mwalimu hakumsuta mtu. Aliwaambia wanyooshe mkono, watembeze kidole kutoka kwenye kiwiko huku wakivuta "sss", na kikifika kiganjani wapige kofi na kumalizia neno. Walirudia mpaka ile i ikapotea kwa wengi. Binti mmoja mwenye ushungi aliendelea peke yake, kidole kikipanda na kushuka, hata wenzake walipokwisha hamia kwenye embe.

Halafu mvulana akamwonyesha mwalimu wake na kusema "he". Angejuaje? Kwetu baba anakuja na mama anakuja, ni kitenzi kile kile. Mwalimu akaufanya mchezo: akisema "she" wanaruka wasichana, akisema "he" wanaruka wavulana. Vumbi likatimka.

Kiingereza kikaishia hapo, hakikufika nusu saa. Ukaja uji, vikaja vizibo, kisha hadithi ya Sungura na Fisi kwa Kiswahili, na maswali mengi kutoka kwa watoto. Nilimuuliza kwa nini hadithi isiwe ya Kiingereza, maana ada inalipwa kwa ajili hiyo.

"Hii hii nitawasimulia kwa Kiingereza Ijumaa," alisema. "Wakishajua Sungura kafanya nini, hawapotei."

Huo ndio ualimu. Kuwafungia watoto Kiswahili ni rahisi, kibao tu mlangoni kinatosha. Kukitumia kuwavushia Kiingereza kunataka mtu anayezijua lugha zote mbili, na ningekuwa mwenye shule mshahara wangu mkubwa ungekwenda kwa mtu huyo.

Saa sita akafika baba mmoja wa bodaboda kumchukua bintiye, yule wa kijiko. Alifungua begi uso umekunjamana.

"Mwalimu, daftari mbona jeupe?"

Mwalimu akamgeukia mtoto. "Bring the cup to your father."

Mtoto akaenda kwenye boksi, akaacha sabuni, akaacha embe, akachukua kikombe na kumkabidhi babake. "This is a cup," akamwambia, ulimi kwenye meno.

Baba akakigeuza kikombe mkononi, akacheka. "Haya, Mwalimu. Lakini herufi nazo zisikose. Darasa la kwanza huko wana usaili."

"Tunaanza Jumatatu, Baba. Mletee penseli nene, hizi nyembamba vidole vyake bado haviziwezi."