Mbunifu wa Tegeta, Sebule ya Chamazi

Mwambie jirani yako wa Chamazi kwamba umemwita mbunifu wa mambo ya ndani, halafu uone atakavyokuangalia. Kwanza atadhani una hela za kuchezea. Pili atakuuliza, kwani mapazia si unakwenda kuchagua mwenyewe Kariakoo? Huku kwetu Temeke mtu anajenga kidogo kidogo, anaezeka mwaka huu, madirisha anaweka mwaka ujao. Fundi tunamjua, dalali tunamjua sana, lakini mbunifu ni mambo ya Masaki.

Haya msomaji wangu, twende pamoja. Kwangu unashukia Mbagala Rangi Tatu, unapanda daladala nyingine inayokwenda upande ule wa uwanja wa Azam, kisha unamalizia na bodaboda kwenye mchanga. Tulihamia nyumba ikiwa na sakafu ya saruji na kuta zisizo na rangi. Fungu la kumalizia sebule lilitokana na upatu wangu na akiba ya baba watoto, nalo lilitosha kitu kimoja kikubwa, siyo viwili. Hapo ndipo ndoa ilipoanza kutikisika. Mwenzangu alitaka seti ya makochi ya watu 7, dari la jipsamu lenye taa za rangi rangi, na shoo kesi ya kufunika ukuta mzima. Mimi nilitaka hewa. Kipindi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ile sebule ilikuwa tanuri. Kwa wiki 2 mazungumzo yetu yakawa ada ya shule na Luku tu, basi.

Kabla hujamhukumu shemeji yako, sikiliza na upande wake. Amekulia Tandika, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6, korido katikati, jiko na choo uani. Unazijua. Magomeni zipo, Kinondoni zipo, Temeke ndiyo usiseme. Kila chumba familia yake. Kwao walikuwa na chumba kimoja, na mgeni wa baba yake alikaribishwa kitandani, kwa sababu pa kukaa pengine hapakuwepo. Kwa mtu kama huyo seti ya makochi ni ushahidi kwamba tumetoka kupanga. Sasa wewe mwambie aiache kwa sababu ya upepo!

Mbunifu tulimpata kupitia rafiki yangu wa Tegeta, kule mwisho mwingine wa jiji, upande wa Kinondoni. Ni binti mdogo aliyesoma Chuo Kikuu Ardhi, ambako usanifu wa mambo ya ndani unasomewa shahada kabisa. Mimi ananiita dada, mume wangu anamwita shemeji, na mama mkwe anamwamkia hadi magoti yanagusa sakafu. Nilimtegemea aje na kompyuta na picha za nyumba za Dubai. Badala yake aliomba mkeka, akakaa kwetu Jumamosi nzima, asubuhi hadi magharibi, na futi kamba yake na daftari.

Unajua alikuwa anafanya nini? Anaandika nani anakaa wapi, saa ngapi. Kufika jioni daftari lilikuwa na mambo ambayo sisi wenye nyumba hatukuwa tumeyatamka. Sebuleni hakukaa mtu mpaka taarifa ya habari. Watoto walilala kifudifudi kwenye korido, kwa kuwa ndiko kunakopita kijiupepo. Wageni wa kiume walivuta viti chini ya mwembe. Na mama mkwe, aliyekuja kutoka Kilwa kutibiwa magoti, alishinda kwenye kigoda nyuma ya jiko akisuka ukili wake, jua likimfuata kila lilipohamia. Kila aliponyanyuka alishika ukuta.

"Shemeji," yule binti akamwambia mume wangu, siyo mimi, "nyumba yenu ni nzuri, ila haina baraza."

Mume wangu akacheka. Baraza? Tumehangaika kutoka uswahilini, turudi barazani?

Sasa hapa ndipo nilipoona mbunifu mzuri anapata wapi hela yake. Hakubishana naye. Alimkumbusha Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na kwamba mabaraza ya mawe kwenye kuta za nyumba zake ni sehemu ya yale yanayowavuta watalii kutoka Ulaya kuja kupiga picha. Hata nyumba za wakubwa zilikuwa nayo, kwa sababu mgeni ambaye huna haja ya kumwingiza ndani unamkaribisha pale kwa heshima zote. Akaongeza zidaka za Lamu, vile vijumba vidogo vya ukutani vilivyotiwa sahani za kaure. "Hiyo ndiyo ilikuwa shoo kesi ya mababu, shemeji, na haikuliwa na mchwa." Mh! Mwenzangu akanyamaza, na mimi namjua, akinyamaza anahesabu.

Wiki iliyofuata tukaenda Keko. Kama hujawahi kutembea Keko kwa miguu, fanya hivyo asubuhi kabla jua halijawa kali. Makochi yamepangwa hadi barabarani, mengine yamevalishwa nailoni, mengine uchi kabisa, mbao na misumari. Randa zinalia, vumbi la mbao linakuingia kwenye nywele, guta zinapita na vitanda juu kama majeneza. Mbunifu wetu akampa mume wangu kazi moja: kukaa. Akae kila kochi, dakika 5, kisha anyanyuke bila kushika mkono wa kiti. Mengi ya yale manene yanayong'aa hakuweza. Sasa fikiria mama yake.

Akatufundisha na jambo lingine. Kochi likishavalishwa kitambaa, huwezi kujua chini kuna mbao gani. Mengi ni mbao laini za paini, aina ile inayopandwa Sao Hill kule Mufindi. Paini siyo mbaya ikiwa imekaushwa na kutiwa dawa, lakini ikiwa mbichi inapinda, na mchwa wa Chamazi hawahitaji mwaliko. Mninga ni ghali zaidi ila mchwa huuogopa. Kwa hiyo agiza fremu kwanza, nenda kaione ikiwa uchi, ipige, itikise, ndipo ivalishwe. Na malipo yawe mafungu 3: ya kuanzia, ya fremu, na ya mwisho kochi likiwa limeshuka kwenye kirikuu mlangoni kwako. Fundi tuliyempa kazi alituzungusha wiki 5 na hadithi za umeme kukatika, lakini kwa kuwa fungu la mwisho lilikuwa mkononi mwetu, simu alipokea.

Mwisho wa yote hatukununua watu 7. Mume wangu alichagua mwenyewe kochi moja la watu 3 na viti 2 vya mninga, vya kukaa wima, mito yake unavua na kufua. Sebule yetu ni mita 4 kwa 4 na nusu. Mbunifu alichora seti ya watu 7 kwa chaki sakafuni, mlango ukabaki na kijinjia cha kupita mtoto. Chaki ile ilimaliza ugomvi ambao mimi kwa mdomo nilikuwa nimeshindwa.

Fedha iliyobaki ilikwenda kwenye madirisha na baraza. Dirisha la alumini la kuteleza, hata ulifungue vipi, nusu yake inabaki imezibwa na kioo. Tuliyatoa mawili, moja upande wa kusi na la pili ukuta unaotazamana nalo, tukaweka ya kusukuma nje, nondo na wavu wa mbu vikabaki ndani. Paa likaongezwa mbele kwa mita moja na robo ili ukuta usipigwe jua. Chini yake ndipo lilipojengwa baraza, saruji iliyopakwa chokaa nyekundu, kimo sentimita 45. Kimo hicho hakikutoka kwenye kitabu. Mbunifu alipima goti la mama mkwe.

Pazia alituletea vitenge alivyochagua Kariakoo, rangi ya bahari iliyochafuka. Kinyago kimoja tu, tulikipata Mwenge kwa wachongaji, tukiwa tunarudi kutoka kwake Tegeta. Zidaka 6 za saruji zimekaa kati ya nguzo mbili, na humo mume wangu kapanga vikombe vyake vya mpira wa shule. Aliyeongoza upangaji ni yeye, nami sikutia neno.

Mama mkwe sasa ananyanyuka mwenyewe. Asubuhi yuko barazani na ukili wake, na wanawake wa mtaa, ambao tulipohamia walikuwa wakitusalimia wakiwa njiani tu, wanakaa. Wawili wameagiza mikeka. Mmoja amempima baraza kwa khanga yake, eti naye anataka la kwake liwe sawasawa.

Awamu ya pili ni chumba chetu cha kulala, upatu ukinifikia. Baba watoto kamwambia mbunifu kwamba habari ya taa za rangi rangi hajaisahau. Wanajadiliana kwa simu kila Jumapili. Mimi nimewaachia shemeji na shemejiye.