Barua kutoka Rotterdam: Mzazi wa saa 49

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa nanyonyesha, na kicheko ilibidi nikimeze, maana bibie huyu akishashika ziwa hataki mtikisiko. Unaniuliza umnunulie nini mtoto ambaye hata mimba yake haijatunga. Usinunue nguo. Nenda duka la dawa.

Huku mwanamke akitamka tu kwamba anataka mtoto, cha kwanza anaambiwa ameze foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau wiki 4 kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 10 ya ujauzito. Haraka hiyo ina sababu. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki 4 za mwanzo tangu mimba itunge, wakati mama mwenyewe bado anadhani hedhi imechelewa kwa uchovu wa daladala. Usipofunga sawasawa, ndio wale watoto wa mgongo wazi wanaopelekwa taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili kufanyiwa upasuaji. Kwetu vidonge vya fefo, vya madini ya chuma na foliki, tunapewa kliniki, na kliniki wengi wetu tunaanza kwenda tumbo likishaonekana. Kwa damu yako bado zinafaa sana, ila kwa mgongo wa mtoto zimechelewa. Ni kweli viwanda vikubwa vya unga nyumbani vinatakiwa kuweka foliki, lakini dona la kwetu mimi na wewe tunajua linasagwa mashine ya jirani. Kwa hiyo anza kumeza, na umuulize mfamasia dozi: vile vidonge vya miligramu 5 ni vya wenye sababu maalumu, usivibugie kwa kuwa vipo tu kabatini.

Baada ya hapo mambo yakawa ya mkunga. Daktari wa uzazi hapa humwoni kama mimba haina matatizo. Mkunga ndiye anapima, anasikiliza mapigo, anazalisha. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekuuliza chai au kahawa, kama nitajifungulia nyumbani au hospitali. Uholanzi kuzalia nyumbani hakujafa kama kulivyokufa sehemu nyingi za Ulaya. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tumehubiriwa miaka yote tuwahi hospitali, kumbe Wazungu wenyewe wako chumbani?" Nikamweleza kwamba hapa gari la wagonjwa ukiliita linakuja. Mimi nilichagua hospitali. Nikajifungua salama, na siku hiyohiyo nikarudishwa nyumbani na mtoto wangu.

Sasa sikiliza maajabu. Nyumbani kitanda chetu kilikuwa kimeshapandishwa juu ya magogo maalumu, kimo cha kiuno cha mtu mzima, ili mama wa uzazi asiumize mgongo wake akinihudumia. Nasema mama wa uzazi, lakini huyu ni mtu wa ajira, mwenye sare na cheti, analetwa na bima ya afya. Huduma yenyewe wanaiita kraamzorg, na unatakiwa ujiandikishe mimba ingali changa kwa sababu wahudumu hawatoshi. Anayenyonyesha kwa kawaida hupangiwa saa 49 katika siku 8 hivi, na hazipaswi kushuka chini ya 24. Kila saa unachangia fedha kidogo kutoka mfukoni mwako.

Wangu alikuwa mama mtu mzima, mikono mipana, maneno machache. Kila asubuhi alinilaza chali, akabonyeza tumbo chini ya kitovu kwa vidole, akihesabu mfuko wa uzazi umeshuka vidole vingapi tangu jana. Nilishtuka, maana ndivyo alivyokuwa akifanya bibi yetu Pangani, isipokuwa huyu baada ya kubonyeza aliandika daftarini. Daftari hilo lilikula kila kitu: joto la mtoto, ziwa la kulia au la kushoto, nepi ya mkojo, nepi ya choo na rangi yake. Akimaliza anasafisha choo, anafua vishuka, ananitengenezea mkate. Wageni wakija (kwa miadi, lakini!) anawapa biskuti kavu zenye siagi na vipunje vya sukari vyenye mbegu za anisi ndani, vya waridi kwa kuwa nimezaa binti.

Na mama je? Viza yake haikutoka kwa wakati. Akawa anaamrisha kupitia simu niliyoiegemeza kwenye kopo la sukari. "Mkande kwa maji ya moto!" Yule mama akauliza anasema nini, nikamtafsiria nusu. "Mpe mtoto maji, koo limemkauka!" Hapo nikamjibu mwenyewe kwamba hata kliniki ya Tanga wanakataza mpaka miezi 6. Uji wa pilipili manga alinishindia. Mume wangu aliupika, mhudumu akauonja, akakohoa mpaka machozi.

Kisha saa zikaisha. Alinawa mikono, akasaini daftari, akaondoka, na kesho yake hakuja mtu. Mume wangu alishamaliza wiki yake moja ya likizo yenye mshahara kamili, na zile wiki 5 ambazo sheria inaruhusu kwa asilimia 70 tulikuwa tumeziwekea akiba. Nikabaki na mtoto, mvua, na kitanda kirefu kama meza. Nililia bila msiba. Mtoto alikuwa anapimwa uzito, masikio, damu ya kisigino, mimi niliulizwa "uko sawa?" mlangoni, na mlangoni mtu hujibu ndiyo. Hili ndilo ninalowalaumu Waholanzi, pamoja na shukrani zote. Wameupangia uzazi ratiba, na uzazi haukuisoma.

Aliyenitoa kwenye shimo lile ni mama wa Kikongomani wa jengo letu, mtu wa Bukavu. Hakuomba miadi. Alipanda ngazi na sufuria ya sombe, akaniangalia usoni, akasema, "Lala kwanza, mi nitashika mtoto." Nikalala. Nilipoamka vyombo vimeoshwa, na mtoto yuko mgongoni kwake ndani ya kitenge. Alikuja hivyo mpaka nikatoka arobaini.

Usinicheke ukadhani hayo ni ya ughaibuni. Wewe uko Dar, ghorofa ya tatu. Sheria inakupa siku 84, mumeo siku 3. Mama ana genge lake Tanga, wifi zako wako kazini. Arobaini yako itashikwa na nani? Kaeni mlizungumze na mumeo sasa, kwa majina, na nauli ya huyo mtu muanze kuiweka. Beseni la kuogea mtoto hata siku ya kutoka hospitali litapatikana.

Viza ya mama sasa imetoka, anakuja nikiwa narudi kazini. Msaidie kufunga mzigo. Dagaa abebe, nazi zinaruhusiwa. Samli aiache, hata akilia. Vitu vya maziwa na nyama haviingizwi, watamnyang'anya uwanja wa ndege wa Schiphol na mimi ndiye nitakayesikia kesi hiyo mwezi mzima.

Dada yako