Ngoma ya Wageni wa Tengeru

Mtu asimamaye juu ya jabali la Irente, karibu na Lushoto, huiona nyika chini yake mbali sana, na nyumba za Mazinde huonekana ndogo kama vibanda vya kuchezea watoto. Chini kule, kando ya milima ya Usambara, imelazwa njia ya reli itokayo Tanga kwenda Mombo, na kutoka Mombo hata Moshi na Arusha. Mwaka 1942 gari la moshi lilipita hapo limechukua abiria wasiokuwa wa kawaida: wanawake wa Kizungu waliokonda, na watoto wengi, nao hawana mzigo ila vifurushi vidogo. Watu hao walikuwa Wapolandi.

Nchi yao ilishambuliwa mwaka 1939, na Wajerumani upande wa magharibi, na Warusi upande wa mashariki. Mwaka 1940 Warusi waliwatoa watu wengi majumbani mwao, wakawapeleka Siberia, penye baridi kali na kazi ngumu. Walipofunguliwa mwaka 1941, wanaume wengi waliingia katika jeshi la Wapolandi. Wake zao na watoto wakapitia Uajemi, na huko wakapanda merikebu kuja Afrika ya Mashariki. Karibu watu 5,000 walikaa Tengeru, chini ya mlima wa Meru, katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Wengi walikuwa watoto, na katika watoto hao mayatima hawakuwa wachache.

Hawakuja na mali, lakini walikuja na ngoma zao. Mojawapo huitwa krakowiak, nayo ni ngoma ya watu wakaao pande za mji wa Kraków. Huchezwa wawili wawili, kwa miguu ya upesi kama ya farasi aendaye mbio. Msichana huvaa taji la maua lenye tepe za rangi nyingi, na mvulana huvaa kofia nyekundu yenye unyoya wa tausi. Katika ngoma ya namna hiyo, mmoja asipokuwapo, mwenziwe hana wa kucheza naye.

Sasa mfikirini msichana mmoja wa kambi ile. Jina lake halina haja ya kutajwa, maana waliofanana naye walikuwa wengi. Baba yake yuko vitani Ulaya. Mwezi wa Mei mwaka 1944, askari wa Wapolandi walipigana katika nchi ya Italia, penye mlima wa Monte Cassino. Tarehe 18 waliushika mlima, lakini wenzao wengi walikuwa wamekufa. Baadaye barua yafika Tengeru. Mama aifungua, aisoma nusu, wala hawezi kuimaliza.

Desturi ya Wapolandi zamani hizo ilikuwa kwamba aliyefiwa na mzazi wake hachezi ngoma kwa muda wa mwaka. Basi msichana aliweka taji lake sandukuni, akaketi mlangoni. Jioni wenzake wa ngoma walikuja. Hawakumwambia, "Usilie," maana wengi wao walikwisha kufiwa, wakajua ya kuwa neno hilo halimfai mtu. Waliketi naye kimya. Asubuhi mmoja aliteka maji, mwingine aliwasha moto, mwingine akamwangalia ndugu yake mdogo. Usiku waliomba pamoja na mama yake.

Siku ya mazoezi ilipofika, mvulana aliyekuwa akicheza naye aliulizwa, "Utamchukua nani sasa?" Akajibu, "Nafasi ile ina mwenyewe. Nitangoja." Akasimama kando, akawapigia wenzake makofi. Tena wakampelekea msichana tepe zilizochanika, wakamwomba azishone, ili mikono yake ipate kazi, naye ajue kwamba angali mmoja wao. Mwaka ulipokwisha, alifungua sanduku mwenyewe. Mvulana alimnyoshea mkono, ngoma ikaanza.

Je, mambo hayo ni mageni katika Usambara? Hata kidogo. Pakitokea msiba kijijini, ngoma hunyamaza. Wanawake hupanda mlima na kuni vichwani, na maharage, na ndizi. Wanaume huchimba kaburi. Watu hulala matanga ili mfiwa asiachwe peke yake na usiku. Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Wale waliocheza nawe siku ya furaha, utawajua kweli siku ya kilio.

Kambi ya Tengeru ilifungwa mwaka 1952, na watu wake wakatawanyika, wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia. Wafu wao walibaki. Makaburi yao, zaidi ya 100, yako hata leo chini ya mlima wa Meru. Kwao Poland, mwanzo wa mwezi wa Novemba kila mwaka, jamaa huenda makaburini kuwasha mishumaa. Jamaa za hawa wako mbali, na wengine hawakuacha jamaa kabisa. Hata hivyo makaburi hayo hayakumezwa na majani, kwa maana watu wa Tengeru huyafagia na kuyatunza.