Kadi ya Bosi

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia Nairobi mwezi wa Oktoba, ikaishia Kakamega asubuhi ya mwaka mpya. Ndugu msomaji, tega sikio nikusimulie, maana likizo haziishi na huenda nawe una mbwa nyumbani.

Mbwa wetu anaitwa Bosi. Ni mbwa wa kawaida tu, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Si mkali, ila ana maringo kama mzee wa mtaa.

Desemba ya 2023 tulipanga kwenda Kakamega kwa nyanya, jamii yote. Kumpandisha Bosi basi hakukuwezekana. Basi usiku mmoja, baada ya chajio, Baba akalileta swali: Bosi tumwache na nani?

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpeleka katika makao ya mbwa ya kulipia. Tuliwahi kumweka huko mwaka wa 2021. Kila mbwa ana kizimba chake chenye sakafu ya saruji, wafanyakazi huwalisha asubuhi na jioni, na lango hufungwa kwa kufuli. Lakini Bosi hakupazoea. Alirudi amekonda, sauti imemkauka kwa kubweka. Bei nayo, wacha tu! Njia ya pili ilikuwa kumwacha papo hapo nyumbani, kijana wa jirani mwenye umri wa miaka 13 awe akija kumlisha.

Mama alipendelea makao. "Huko kuna watu wazima," alisema. "Huyu ni mtoto. Je, akisahau lango wazi?"

Baba akanigeukia. "Wewe ndiwe mwenye mbwa. Wasemaje?"

Nilisimama nikatetea kama wakili mahakamani. Nilisema kuwa mbwa hupenda harufu ya kwao na mahali pageni humtia hofu. Nilisema mbwa wengi wakikaa pamoja huambukizana kikohozi kwa urahisi. Tena pesa zitakazobaki, nikaongeza, zitamnunulia nyanya blanketi. Mama mwenyewe aliishia kukubali. Kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Hata hivyo, sababu yangu hasa sikuitaja. Makao yale hayampokei mbwa bila kadi ya chanjo. Jumamosi moja ya Oktoba Baba alikuwa amenipa pesa nimpeleke Bosi kwa daktari wa mifugo, akadungwe sindano yake ya kila mwaka ya kuzuia kichaa cha mbwa. Njiani nikaviona viatu vya kandanda vimening'inia kwenye kibanda. Nilijiambia, aa, mwezi ujao nitampeleka. Baba alipouliza jioni, nilimjibu, "Tayari." Kadi ikabaki kwenye droo, muhuri wake wa mwisho ukiwa wa mwaka wa 2022. Iwapo tungechagua makao, mambo yangu yangefichuka mlangoni.

Nilipompelekea mama jirani ufunguo, aliniuliza Bosi hula nini na mara ngapi kwa siku. Hakuuliza habari za kadi. Angeuliza vipi? Tumekaa mtaa mmoja miaka mingi, tunaombana chumvi. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, fataki zilirindima mtaani kote. Sisi tulikuwa Kakamega tukila kuku kwa ugali. Asubuhi simu ya Baba ikalia. Alikuwa mama jirani. Bosi alikuwa ameingiwa na hofu, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Kijana alipojaribu kumtoa, Bosi akamuuma kifundo cha mkono.

"Pole sana, mama," Baba alisema. Kisha akanyamaza kusikiliza. "Ndiyo, amechanjwa. Mwanangu alimpeleka Oktoba."

Baba akanitazama. Nilijaribu kumeza mate, yakakataa kushuka. Nyanya alikuwa akipepeta mchele; ungo ukasimama mikononi mwake.

"Baba," nikasema, "sikumpeleka."

Sijawahi kumwona Baba akizungumza polepole namna ile. Alimwambia mama jirani ukweli wote, akamsihi aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu amkimbize kijana hospitalini. Gharama zote zilikuwa juu yetu.

Wenzangu, kichaa cha mbwa si mchezo. Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu wote hufa. Bahati ni kwamba sindano zikitolewa mapema baada ya kuumwa, humwokoa mtu. Louis Pasteur wa Ufaransa alimdunga mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa, mwaka wa 1885, na mvulana huyo akapona. Kijana wa jirani naye alidungwa siku ile ile, kisha akarudi kwa sindano nyingine siku alizopangiwa. Bosi alifungwa ili atazamwe kwa siku 10, kwani mbwa anayeambukiza wakati wa kuuma kwa kawaida huugua na kufa katika muda huo.

Tulirejea Nairobi mapema. Siku zile 10 ndizo ndefu zaidi maishani mwangu. Kila asubuhi nilichungulia kama mate yanamtiririka, kama sauti imebadilika, kama anameza vizuri. Siku ya kumi Bosi alikula uji wake wote, akalamba sufuria. Nililia kama mtoto.

Nilikwenda kumwomba kijana msamaha. Mkono wake ulikuwa bado na bendeji. Hakunitukana. Alisema tu, "Si ungeniambia? Nisingemshika na mkono mtupu."

Maneno hayo yananichoma hadi leo. Makao ya kulipia yalitudai kadi kwa sababu hayatujui. Jirani hakuidai kwa sababu anatujua. Mimi niliugeuza wema wake kuwa kichaka cha kujifichia. Kumbe yule asiyekuuliza ndiye unayepaswa kumweleza zaidi.

Viatu vile niliviuza, na Bosi akadungwa. Likizo ya Aprili 2024 ilipofika, tulikaa tena mezani. Safari hii sikutetea lolote. Baba aliamua tumwombe jirani tena, akikubali. Nilikwenda mwenyewe na kadi mkononi, nikamweleza mama jirani kwamba Bosi huogopa vishindo na kwamba akijificha asivutwe, aachwe atoke mwenyewe. Nikampa na nambari ya simu ya daktari wa mifugo.

Aliichukua kadi. Akausoma muhuri mpya, akaugeuza kwenye mwanga, akausoma tena. Nilisimama pale jua likinichoma kisogo.

"Haya," akasema, akinirudishia. "Ingia ndani sasa tuzungumze."