"Nzuri sana, mdogo wangu!"

Najua nimepotea karibu wiki mbili, na safari hii sisingizii kazi. Kuna jambo limenikaa rohoni, nikawa nashindwa kuandika mengine kabla sijalitoa hili.

Nina mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mama mdogo, tunakaa mitaa ya jirani hapa Dar. Alipomaliza chuo alizunguka na bahasha kama wengi wetu tulivyozunguka, ajira hakuna. Akaanza kupiga picha kwa simu. Anapiga mafundi cherehani, wauza madafu, watoto wa uswahilini, na mama yake akikaanga maandazi. Karibu kila jioni ananitumia picha mbili tatu kwenye WhatsApp. "Dada, unaionaje hii?" Nami nikiwa nimebanwa kwenye daladala namjibu palepale: "Nzuri sana, mdogo wangu!" Nikaendelea hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Sasa niwaambie ukweli, picha nyingi zilikuwa na kasoro, na mimi nilikuwa naziona. Alipenda kupiga saa saba mchana, jua liko utosini, macho ya watu yanageuka mashimo mawili meusi. Alisogeza simu karibu mno, mtu mwenye pua ya kawaida akatoka na pua ya kutisha. Kuna picha ya mama yake, picha nilivyoipenda, lakini nguzo ya umeme imeotea katikati ya kichwa! Yote hayo niliyaona, nikaandika "nzuri sana" na kuendelea na safari yangu.

Basi bwana, zile "nzuri sana" zikamtia moyo. Akakusanya akiba yake, akaongezewa na mama yake fedha ya maandazi, akaenda Kariakoo kununua kamera ya mtumba. Haikupita muda akapata kazi ya kwanza ya kulipwa, sendofu ya binti wa jirani. Akapewa kianzio, salio baada ya picha.

Ukumbini nyuma ya meza kuu kulikuwa kumepambwa kwa vitambaa vyeupe tupu. Picha zilipotoka, vitambaa vilionekana vizuri ajabu. Watu sasa! Sura zimezama gizani, unaona meno na hereni. Mama wa binti aliziangalia moja moja, akauliza, "Hizi sura za nani?" Kilichomuuma zaidi ni bibi wa binti, aliyesafiri kutoka Mbinga kwa ajili ya shughuli ile. Katika picha zote hakuna hata moja ambayo uso wa bibi unasomeka. Salio likakataliwa. Halafu mjomba mmoja akaongeza la kwake: "Na ninyi familia nzima mmezidi weusi, kamera ingefanya nini?" Akacheka peke yake.

Usiku ule mdogo wangu alikuja kwangu. Aliweka kamera mezani, hakukaa.

"Dada, wewe ni mwandishi wa habari. Huko gazetini picha zinapita mbele yako kila siku. Za kwangu uliziona kasoro zake?"

"Niliziona."

"Mbona hukusema?"

Jamani, sikuwa na jibu. Nilitaka kusema nilikuwa namtia moyo. Ukweli ni kwamba neno "nzuri" halikunigharimu kitu. Kuangalia picha vizuri kunataka dakika tano, na mimi nilikuwa nampa sekunde tano. Sisi tuna tabia moja: kumkosoa mtu usoni tunaona ni kumkosea adabu, kwa hiyo tunasubiri aondoke ndipo tumkosoe.

Ila nami nina historia yangu. Nilipoanza kazi, mhariri mmoja alisoma habari yangu ya kwanza kwa sauti mbele ya chumba kizima, watu wakacheka. Nililia chooni. Nikaapa sitamfanyia mtu hivyo. Kumbe nilikimbia ukali nikaangukia kwenye uongo. Na nilikuwa nimemsahau mzee wa meza ya picha, aliyekaa kona ile ile. Mpiga picha kijana akimpelekea kazi, mzee huyo hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza maswali matatu: Ulitaka nione nini? Jicho langu limeanzia wapi? Ukipewa nafasi ya kurudi, ungebadilisha kitu gani kimoja? Mara nyingi kijana alijijibu mwenyewe, akaondoka bila kudhalilika.

Nikamwambia mdogo wangu akae. Nikachemsha chai, tukafungua picha za ukumbini pamoja, nikajaribu maswali ya yule mzee.

Tulianza na ile ya mjomba, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamtafuna. Kamera haijui uso ni nini. Mita yake ya mwanga hudhani kila inachokiona, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ikikutana na ukuta wa vitambaa vyeupe inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipia gharama ni mtu aliye mbele. Dawa yake ni kupima mwanga usoni na siyo kitambaani, au kuiambia kamera iongeze mwanga. Hata kwenye simu unagusa uso kwenye kioo, kisha unaongeza mwanga kwa kidole.

Na hili lina historia. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walisambaza kwa maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ikaitwa "Shirley". Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, wengine tujipange. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika mwaka 2009 kwamba kilichoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu ni pamoja na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao!

Lakini filamu hizo za zamani hazikumshinda Seydou Keïta wa Mali. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, akapiga watu weusi kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, mara nyingi kwa mwanga wa jua uani, na shuka la kitanda likiwa pazia la nyuma. Kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Nyuso zile zinang'aa mpaka leo. Kwa hiyo weusi wa familia ile haukuwa kosa la picha. Ukitoa maoni juu ya picha, sema juu ya picha. Sura ya aliyepigwa haikuletwa mezani ijadiliwe.

Tukafika kwenye picha ya mama yake. Nikamuuliza, "Ulitaka nione nini?" Akasema, "Mikono yake, dada. Unga kwenye mikono." Mimi sikuwa nimeiona kabisa mikono ile! Nilikuwa nimeona nguzo tu. Kumbe hata mkosoaji anaweza kukosa. Tukakubaliana kitu kimoja tu cha kurekebisha: asogee hatua mbili kushoto, nguzo itoke. Nilitamani kuongeza mengine sita, nikajizuia. Mtu ukimpa makosa saba kwa mpigo anabeba aibu, halibebi somo.

Bibi wa Mbinga alikuwa bado yupo mjini mpaka Jumamosi. Mdogo wangu alikwenda kuomba radhi, akaomba ampige bibi picha bila malipo. Alimkalisha barazani saa kumi na moja jioni, kivulini, uso umeelekea uani kwenye mwanga. Jioni ile ujumbe ukaingia: "Dada, unaionaje?"

Nilishuka kituoni ndipo nikaifungua. Nikaiangalia muda mrefu. Nikamwandikia: "Macho ya bibi yananiangalia mimi, na mikunjo ya uso inasomeka. Jicho langu linatoroka kwenda kwenye ndoo ya bluu nyuma yake. Wewe unaonaje?"

Akajibu: "Hiyo ndoo, dada, hata mimi imeniudhi."

Salio la sendofu hawajalipa mpaka leo. Ila picha ya bibi waliichukua, ndoo na yote, na nakala moja imeshasafiri kwenda Mbinga.

Nawatakia wikiendi njema. Ukitumiwa picha leo, iangalie kwanza.

Tuko pamoja.