Nyota Yenye Ukungu

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa Bagamoyo, na kusoma hakujua. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei, tulipokuwa tukingoja maji yajae, alinionyesha kitone hafifu upande wa mashariki wa Msalaba wa Kusini, akasema, "Ile si nyota, mwanangu. Nyota haina ukungu ukingoni." Nami nilikuwa nimerudi likizo na ramani kuukuu ya mbingu, ambamo kitone kile kilitiwa alama na herufi ya nyota. Nilicheka. Baba alinyamaza, akageukia nyavu zake.

Sikujua wakati ule kwamba kosa langu lilikuwa na ukoo mrefu. Ptolemaio wa Iskandaria alikiandika kitone hicho miongoni mwa nyota katika karne ya 2. Johann Bayer, mwaka 1603, alikipa herufi ya Kigiriki, kikaitwa Omega Centauri. Edmond Halley, akitazama kutoka kisiwa cha Saint Helena mwaka 1677, ndiye aliyetambua kuwa si nyota bali waa la nuru. Halley alikuwa na darubini. Baba alikuwa na macho yake tu.

Miaka mingi baadaye nami niliinamia darubini. Kitone kilifumuka kikawa mchanga wa nuru usiohesabika. Ni tufe la nyota zipatazo milioni 10, zilizoshikamana kwa nguvu ya kuvutana, katika upana wa miaka ya nuru 150 hivi. Liko mbali nasi miaka ya nuru kama 17,000: nuru iliyoingia jichoni mwangu ilianza safari kabla mwanadamu hajajua kuandika. Umri wake wakaribia miaka bilioni 12, na Jua letu, lenye bilioni 4.6, ni mtoto mbele yake. Tena nyota zake si za rika moja, na kwa hiyo wataalamu wengi hudhani kuwa ni kiini cha galaksi ndogo iliyomezwa na yetu. Mwaka 2024, nyota 7 ziendazo kasi mno karibu na kitovu chake zilitoa dalili ya shimo jeusi lenye uzito usiopungua wa Jua mara 8,200.

Haya yote ningalimsimulia baba, na kwanza ningalimwomba radhi. Lakini alikuwa amekwisha kufariki. Kila Mei hutoka uani nikamtafutia kitone chake. Siku hizi macho yangu yamezeeka, na kila nyota naiona ina ukungu ukingoni.